Hakimu wa Soya na Rushwa ya Kichuguu

Mwezi wa Aprili, mwaka ambao mvua zilikatika mapema, muuzaji mmoja wa mbegu alituita wakulima wapatao 40 kando ya barabara ya Songea kwenda Namtumbo. Alikuwa amepanda vipande viwili vya soya. Cha kushoto, chenye mbegu yake mpya, kilikuwa kimefika kiunoni, majani mapana, maganda yamebanana kwenye shina kama shanga. Cha kulia, chenye mbegu ya zamani, kilikuwa gotini, na rangi yake ilikuwa ya mtu aliyeugua malaria wiki mbili. Tukagawiwa soda. Mama mmoja mtu mzima hakukaa kivulini na wenzake. Alikaza khanga, akakizunguka kipande cha kushoto, akachokora udongo kwa kidole gumba cha mguu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapa ulipoiweka mbegu yako, si ndipo lilipokuwa zizi la ng'ombe miaka ile?"

Bwana yule alikohoa. Wenyeji wakatazamana. Lilikuwa zizi kweli, na samadi ya miaka mingi ilikuwa bado imelala pale chini inamlisha mgeni wake.

Wakati huo nilikuwa bwana shamba, na tangu siku ile kila nikiulizwa namna ya kulinganisha aina za soya huanzia kwenye swali la yule mama. Mbegu mbili zikisimama shambani ni watu wawili waliokuja mbele ya hakimu, na hakimu ni wewe. Rushwa imejaa ardhini: zizi la kale, kichuguu kilichosawazishwa, jivu la tanuri la mkaa, kivuli cha mwembe, bonde dogo linaloshika maji, hata njia ya mbuzi. Huwezi kuifukua yote. Unachoweza ni kupanga kesi yako hivi kwamba kila mbegu iipate rushwa hiyo kwa kadiri ileile, halafu ndipo upime.

Kwa nini nalishikilia sana jambo hili? Kwa sababu mkulima wa Ruvuma ana msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Akidanganywa Desemba, hajui mpaka Mei, na kwa kujirekebisha husubiri Desemba nyingine. Maisha yake ya kilimo ni misimu 30 hivi, labda 40. Anayempotezea mmoja amemwibia kitu kisichorudishwa.

Waite wanaohusika, na mwenyeji awe mmoja wao

Anza na aina nne au tano, zisizidi sita. Moja kati yao lazima iwe ile inayopandwa na majirani zako leo, hata kama ni mbegu ya kurithi isiyo na jina. Bila mwenyeji huyo jaribio lako litakuambia nani amemshinda nani kati ya wageni, wala halitakuambia kama inafaa kumpokea mgeni yeyote. Katika Nyanda za Juu Kusini utakutana na Bossier, aina kongwe iliyotoka Marekani. Utakutana na Uyole Soya 1 iliyotokana na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya. Na utasikia aina zinazoanza kwa herufi TGx, ambazo chimbuko lake ni taasisi ya IITA, Ibadan, Nigeria. Kila moja ina wapenzi wake, na wapenzi ni mashahidi wabaya.

Watu huniuliza: kama aina fulani imeshinda Marekani au Brazili, kuna haja gani ya kuijaribu tena Songea? Haja ni kubwa, na jibu lake ni hadithi nzuri kuliko zote za zao hili.

Karibu na Washington, watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Henry Allard, walikuwa na soya ya aina ya Biloxi iliyowashangaza. Waliipanda kwa tarehe tofauti, nyingine mapema, nyingine wiki nyingi baadaye, lakini zote zilitoa maua karibu wakati mmoja, Septemba. Mkubwa na mdogo wakabalehe siku moja. Wakajaribu kuingiza mimea kwenye kibanda cha giza kabla jua halijazama, na ile iliyofupishiwa mchana ikachanua haraka. Mwaka 1920 wakachapisha jibu: mmea husoma urefu wa mchana na usiku. Soya ina saa ndani yake, na inaposoma kwamba usiku umekuwa mrefu, huacha kukua na kuanza kuzaa.

Sasa fikiri. Katika majira ya joto Illinois mchana hufika saa 15. Songea, hata Desemba mchana unapokuwa mrefu kuliko siku zote, haufiki saa 13. Soya iliyozaliwa kwa ajili ya Illinois ikiota kwetu hudhani msimu unaisha. Inachanua ikiwa na wiki nne au tano tu, fupi kama mchicha, na maganda yake unaweza kuyahesabu kwa vidole. Haijaugua, wala mkulima hakukosea palizi. Imefuata saa ya kwao. Ndiyo maana Wabrazili walihangaika miaka mingi kuzalisha aina zinazochelewa kuchanua hata usiku ukiwa mrefu, na ndiyo maana jina kubwa kwenye mfuko wa mbegu halina uzito mbele yako mpaka mbegu yenyewe isimame kwenye mchana wa Songea.

Kabla ya kupanda, hesabu walio hai

Mbegu ya soya haiwezi kungoja. Ukiihifadhi kwenye joto na unyevu, ndani ya miezi michache uhai wake huporomoka, ingawa kwa macho inang'aa vilevile. Chukua mbegu 100 za kila aina, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke kivulini, uhakikishe kitambaa hakikauki, na baada ya siku saba uhesabu zilizochipua vizuri. Ukiona aina moja imetoa 92 na nyingine 60, usiingie shambani ukizipanda kwa idadi moja. Utakuwa unapima ghala la muuzaji, na mbegu haikutengeneza ghala. Panda nyingi kuliko unavyohitaji kwa aina zote, kisha wiki mbili baada ya kuota punguza miche mpaka kila mstari ubaki na idadi ileile. Kung'oa mche mzuri kunauma, najua. Ung'oe tu.

Suala la chanjo ya rizobia limeharibu majaribio mengi kuliko ukame. Soya hushirikiana na rizobia, bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake na kuipatia naitrojeni kutoka hewani. Bakteria hao ni wachaguzi. Aina nyingi za soya kutoka Marekani huwataka bakteria maalumu ambao mara nyingi hawapo katika udongo wetu, kwa hiyo bila chanjo ya kuwaleta hubaki na njano. Nyingine, kama Magoye ya Zambia na aina za TGx, hukubali kushirikiana hata na bakteria wenyeji, wale wanaoishi na kunde. Sasa tuseme mtu anapanda Bossier na TGx bila chanjo, kisha anatangaza kwamba TGx ni mbegu bora. Amepima uwezo wa kuishi bila chanjo, na hilo ni jambo la maana kwa mkulima asiyeipata dukani, lakini aliseme hivyo hivyo. Mwingine anachanja zote, na jibu lake ni la mkulima mwenye chanjo. Amua kwanza unamhukumia nani.

Ukiamua kujaribu kwa namna zote mbili, panda vitalu visivyo na chanjo kwanza, asubuhi, kwa mikono safi. Kisha ndipo ufungue pakiti ya chanjo. Bakteria wale ni viumbe hai: wachanganye kivulini, kwenye maji yenye sukari kidogo ili washike kwenye mbegu, na ufukie mara moja maana jua linawaua. Ukianza na vyenye chanjo, utaibeba kwa vidole, kwa jembe na kwa viatu mpaka kwenye vitalu vingine, halafu miezi mitatu baadaye utashangaa kuona chanjo haina tofauti.

Zikichanua, chimba mimea mitatu minne kwa uangalifu pembeni mwa kitalu na upasue vinundu kwa kucha. Ndani kukiwa na wekundu kama wa nyama, vinafanya kazi. Kukiwa na weupe au kijani, vinakula bure. Watoto wa shule wanaipenda sana kazi hii, na nimewahi kuona darasa zima likikataa kurudi nyumbani mpaka kila mmoja apasue cha kwake.

Mbolea ya kupandia ya TSP ukiweka, weka kwa wote kwa kipimo kimoja. Urea iache nyumbani. Mmea ulioshibishwa naitrojeni kutoka mfukoni hauna sababu ya kuwalisha bakteria.

Kura

Hapa ndipo penye moyo wa jambo, kwa hiyo tukae.

Tuseme una aina tano. Utazipanda kila moja mara nne, kwa hiyo unahitaji vitalu 20. Kila kitalu kiwe na mistari minne ya urefu wa mita 5, nafasi kati ya mstari na mstari sentimita 50, na kati ya mche na mche sentimita 10. Kitalu kimoja ni mita 10 za mraba, vyote 20 ni mita 200. Hiyo ni sehemu moja ya 20 ya ekari, ukiacha njia. Mtu asikwambie kwamba utafiti ni wa wenye trekta.

Sasa tembea shambani kwako polepole. Mteremko unaelekea wapi? Kichuguu kilikuwa wapi? Mwaka jana mahindi yalinenepa upande gani? Mama yako mzazi anajua, na ukimuuliza utaepuka makosa ambayo vipimo vya maabara havitakuonyesha. Gawa eneo katika mikanda minne inayokata mteremko, mmoja juu, mmoja chini yake, na kuendelea. Ndani ya kila mkanda udongo ulingane kadiri iwezekanavyo. Kati ya mkanda na mkanda unaweza kutofautiana, haina neno. Kila mkanda utapokea aina zote tano, kila moja mara moja. Huo ni mkanda kamili, ni familia nzima imekaa kwenye mkeka mmoja: ukiwa na rutuba, wote wameifaidi, na ukiwa mkavu, wote wameteseka.

Lakini nani akae wapi ndani ya mkanda? Hapo usitumie akili yako. Akili yako ina kipenzi. Andika majina matano kwenye vipande vya karatasi, vikunje, vitie kwenye bakuli, na mwite mtoto asiyejua kusoma akuchagulie kimoja kimoja. Karatasi ya kwanza, kitalu cha kwanza. Ukimaliza mkanda wa kwanza rudisha karatasi zote bakulini, ukoroge, upige kura upya kwa mkanda wa pili. Usinakili mpangilio wa kwanza. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa uvivu, na aina moja ikajikuta mara nne kwenye mstari mmoja wa maji unaoshuka kutoka juu mpaka chini. Ilishinda vizuri sana.

Kura hii ina wazee wake. Ronald Fisher alifika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Kituo hicho kilikuwa kimepanda ngano kwenye shamba moja, Broadbalk, tangu 1843 na kukusanya takwimu za miaka mingi ambazo hakuna aliyeweza kuzifumbua kwa uhakika. Fisher aliona kwamba hesabu haiwezi kulitibu jaribio lililopangwa vibaya, na akasisitiza mambo matatu: kurudia, kuweka katika mikanda, na kupiga kura. Kitabu chake juu ya kupanga majaribio kilitoka mwaka 1935, na mpaka leo majaribio ya mbegu duniani kote yanasimama juu ya mguu huo.

Mzee mwingine ninampenda zaidi kwa sababu alikuwa mtu wa kiwandani. William Gosset alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na kazi yake ilihusu shayiri: aina ipi ilimwe Ireland ili kiwanda kipate nafaka nzuri? Alikuwa na vitalu vichache tu, hana maelfu. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kupima kama tofauti ndogo inayotokana na vipimo vichache inaaminika. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo akajiita Student, yaani mwanafunzi. Yeye na Fisher walibishana kwa miaka juu ya kura. Gosset aliona mpangilio wa kusawazisha kwa makusudi ni bora. Mimi nasimama na Fisher, kwa sababu nimeona kijijini jinsi watu wema kabisa, wasio na nia mbaya, wanavyopeleka mbegu wanayoipenda mahali pazuri bila hata kujijua.

Sasa angalia kinachotokea watu wasipojaribu kabisa. Mwaka 1946 Uingereza ilituma Tanganyika ujumbe wa watu watatu kuona kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi. Walizunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa mamilioni ya ekari. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yakavunjika kwenye visiki. Udongo wa Kongwa ukawa matope wakati wa mvua na kukauka kama tofali wakati wa jua, karanga zikabaki chini. Mvua nayo haikufuata makadirio. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Vitalu vichache vyenye kura, kwa misimu miwili mitatu, vingewaambia mapema kile udongo wa Kongwa ulichowaambia kwa gharama ile. Wagogo waliokuwa wakiishi pale wangewaambia bure.

Wakati wa ukuaji: daftari na kalamu ya risasi

Nasema kalamu ya risasi kwa sababu wino huyeyuka kwenye mvua. Andika tarehe nusu ya mimea ya kitalu ilipochanua. Andika tarehe ya kukomaa. Andika urefu, mimea iliyolala, na sungura walipoingia. Sungura wakila kitalu kimoja, kiandike kwamba kimeliwa, usikiwekee namba ya huruma.

Ugonjwa wa kutu ya soya unastahili ukurasa wake kwenye daftari. Ulionekana Uganda mwaka 1996, ukasambaa kusini mpaka Zambia na Zimbabwe, na shamba lililoshikwa vibaya linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Geuza majani ya chini na utazame upande wa nyuma, utaona vipele vidogo vya rangi ya udongo mwekundu. Wakulima wa Uganda waliokuwa wakitegemea aina za zamani walipigwa sana. Watafiti wa Uganda, miongoni mwao Phinehas Tukamuhabwa wa Chuo Kikuu cha Makerere, walitafuta mbegu inayostahimili, wakapima shambani mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2004 ikaidhinishwa Maksoy 1N. Nikisikia mtu anasema majaribio ya shambani ni kupoteza muda, huwa namtajia mbegu hiyo. Kutu haikutanguliza barua ya taarifa ilipofika. Kilichowaokoa ni kuwa na watu waliokuwa tayari wanapima.

Kwa hiyo katika kitalu chako, usipulize dawa ya ukungu kwa aina moja kwa sababu inatia huruma. Ama zote, ama hakuna.

Kuvuna na kupima

Kila aina ivunwe siku yake. Inayokomaa mapema isingoje inayochelewa ili mpate kuvuna pamoja kwa siku moja ya vibarua na chai. Itakapongoja, maganda yatapasuka juani na punje zitaruka chini, kisha mtasema mavuno yake ni madogo. Maganda karibu yote yakishageuka kahawia, na ukitikisa shina unasikia punje zinacheza ndani, kata kwa mundu asubuhi kungali na umande kidogo.

Usivune kitalu chote. Mistari miwili ya pembeni iache, na ile miwili ya kati uikate nusu mita kila ncha. Mmea wa pembeni una jua la ziada na mizizi yake imeingia njiani, hauishi maisha ambayo wenzake wangeishi katika shamba zima. Kinachobaki ni mistari miwili yenye urefu wa mita 4, yaani mita 4 za mraba. Gramu 1,000 kutoka hapo ni sawa na kilo 2,500 kwa hekta, au kama kilo 1,000 kwa ekari.

Pura kila kitalu peke yake juu ya turubai, pepeta kwa ungo, tia kwenye mfuko wenye jina la aina na namba ya mkanda, jina moja ndani na moja nje. Anika. Pima unyevu. Usipokuwa na kipima unyevu, tumia chupa ya kioo iliyokauka na chumvi iliyokauka: tia punje na chumvi kidogo, tikisa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, soya bado ni mbichi, unyevu umezidi asilimia 15. Ukiwa na kifaa, rekebisha wote wafike asilimia 13 kabla ya kulinganisha, maana aina iliyochelewa inaweza kukushinda kwa uzito wa maji yake tu.

Halafu inakuja hesabu. Tuseme mkanda wa kwanza aina A imetoa gramu 900 na B 820. Wa pili, 760 na 700. Wa tatu, 980 na 1,010. Wa nne, 840 na 770. Wengi hukimbilia wastani: A 870, B 825, tofauti gramu 45, karibu nusu gunia kwa ekari, A ameshinda, tupige makofi. Subiri. Tazama tofauti mkanda kwa mkanda: 80, 60, halafu B anaongoza kwa 30, kisha A tena kwa 70. Zinayumba. Ukiifanya hesabu ya yule mwanafunzi wa Dublin, unagawa wastani wa tofauti kwa kuyumba kwake na kupata 1.78, na kwa mikanda minne unahitaji zaidi ya 3.18 ili useme kwa uhakika unaokubalika. Hujafika. Jibu la kweli ni kwamba A inaelekea kuwa bora, na unapaswa kurudia mwaka ujao, na kumwomba jirani wa bonde lile lingine apande vitalu vilevile. Mwaka mmoja na sehemu moja ni hali ya hewa ya mwaka huo na udongo wa sehemu hiyo. Aina mpya haiidhinishwi nchini bila TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu yenye makao yake Morogoro, kuipima kwanza katika sehemu kadhaa, na mkulima naye anastahili uangalifu wa namna hiyo.

Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyepalilia miezi minne kwamba jibu ni "bado". Mwambie hivyo. Atakuheshimu msimu wa tatu.

Yule mama

Misimu miwili baada ya siku ile ya soda, yule mama alinikaribisha kwake. Alikuwa ameweka vitalu 12, aina tatu mara nne, na kura alikuwa amepigiwa na mjukuu. Mikanda ilikata mteremko sawasawa. Kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba alikuwa amekiacha nje kwa kukizungushia kamba, akanionyesha kabla sijauliza.

Tulining'iniza mizani kwenye tawi la mwembe. Aina iliyoongoza iliongoza katika mikanda yote minne, bila kuyumba, na nilikuwa naandika kwa furaha. Yeye hakufurahi. Alinishika mkono akanirudisha shambani kwenye mistari ile ya pembeni niliyomfundisha aiache. Hakuwa ameivuna. Ilikuwa imesimama juani wiki mbili baada ya kukomaa, aina zote tatu, kwa makusudi, kwa sababu wakati wa kuvuna soya, yeye hukaa peke yake na mjukuu, na kuna siku hawezi kufika shambani.

Chini ya aina mbili za kwanza kulikuwa na punje moja moja. Chini ya ile iliyoongoza ardhi ilikuwa imepauka kwa soya, maganda yamejikunja kama maranda ya mbao. Akapiga magoti, akaanza kuokota mstari mmoja, mita 4 bila kuruka, punje kwa punje ndani ya kikombe cha bati. Nikapiga magoti nami. Tulipomaliza akanipa kikombe nikapime, akaelekeza kidole kwenye daftari langu.

"Andika na hizi za chini."